Jeni Inayosema Ngoja

Kwenye harusi za Nairobi siku hizi kuna jani moja ambalo halikosi. Ni la mviringo, kijani kilichochanganyika na rangi ya majivu, limepakwa ungaunga mweupe kama wa chaki. Linazungushiwa jukwaa la maharusi, linatandazwa mezani, linapigwa picha kuliko hata chakula. Uliza wauza maua wa City Market ni jani gani, watakuambia ni yukaliptasi. Yaani mkaratusi. Yaani ule ule mti wa nguzo za stima.

Mtu wa Embu au Meru akisikia hivyo anaweza kubisha. Mkaratusi anaoujua yeye una majani marefu, membamba, yaliyopinda kama mundu na kuning'inia kana kwamba yamechoka. Lakini hakuna aliyekosea. Chukua blugamu, aina inayoonyesha jambo hili wazi kabisa. Ukiwa mchanga, majani yake ni mapana, hayana kikonyo, yanakaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijishina chenye pembe nne. Ukikomaa, kijishina kinakuwa duara, majani yanarefuka, kila moja linapata kikonyo chake na kujitegemea. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba unaweza kuapa ni miti miwili. Na kuna wakati utayaona yote kwenye shina moja, utoto huku chini na utu uzima kule juu.

Majani ya harusi, basi, ni majani ya utotoni. Wanaoyalima kwa ajili ya maua hukata matawi kila mara ili mti uendelee kuchipua upya na usipate nafasi ya kuzeeka.

Swali ambalo hatukuwahi kuuliza tulipokuwa tukichezea majani hayo ni hili: mti unajuaje kwamba utoto umekwisha? Hauna kalenda. Hauna mzee wa kuuambia. Kumbe jibu limo ndani ya jeni ndogo sana, na jeni hiyo ni kongwe kuliko Mlima Kenya wenyewe, kwa mbali sana.

*

Mkaratusi si mwenyeji wetu. Ulitoka Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 ili upatikane kuni za kuendeshea garimoshi la reli ya Uganda. Baadaye ukapanda milima. Leo, ukitoka Runyenjes kuelekea ukanda wa chai, au ukizunguka viwanda kama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, Imenti na Michimikuru upande wa Meru, utakutana nao umesimama kwa safu. Ni kuni za kukaushia chai, ni mbao, ni nguzo. Wengine wanaulaumu kwamba unakunywa maji ya mito. Lakini kwa familia nyingi, huo mti ni benki.

Kwetu ulikuwa benki kweli. Guka alipanda mikaratusi yake mpakani mwa shamba, na nilipopata nafasi chuo kikuu kusoma sayansi ya mimea, miti sita ikaenda ndiyo nikaingia. Mwaka wa pili ilibaki ile midogo, bado na majani yake ya duara. Mnunuzi alikuja, akaitazama, akacheka. Guka akaniambia, "Hii bado, mjukuu wangu. Hii ni watoto." Nikarudi nyumbani, kisha nikashuka Nairobi kutafuta kazi ya kuandika. Hiyo ndiyo hadithi yote ya masomo yangu, na siilaumu miti.

Ila lile neno "bado" lilinikaa kichwani. Na nilipoanza kusoma mambo haya kwa simu, bila mwalimu na bila mtihani, nikagundua kwamba mti nao una neno hilo. Umeliandika kwa herufi 20.

*

Mwaka 2011 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima kiasi cha RNA moja ndogo katika majani ya miti kadhaa, blugamu ikiwemo. RNA hiyo inaitwa miR156. Katika majani ya utotoni ilikuwa tele. Katika majani ya utu uzima ilikuwa imeshuka sana. Ilikuwa hivyo hivyo katika mimea mingine iliyopimwa kabla ya hapo, yakiwemo mahindi na kile kimea kidogo cha maabara, Arabidopsis.

Tulivyofundishwa shuleni, DNA ni kama daftari kubwa la ukoo, halitoki kabatini. Seli ikihitaji kitu, inanakili ukurasa mmoja tu. Nakala hiyo ndiyo RNA, na nakala inapelekwa mahali pa kutengenezea protini, kama mapishi yanavyopelekwa jikoni. Hadi hapo tuko pamoja.

Sasa, miR156 si mapishi. Haina protini inayotengenezwa kutokana nayo. Ni kipande kifupi, herufi 20, ambacho herufi zake zinaoana na sehemu fulani ya nakala nyingine zinazoenda jikoni. Protini iitwayo Argonauti inakibeba kipande hicho mithili ya askari aliyeshika picha ya mtu anayetafutwa. Ikikutana na nakala inayooana, inaikata au inaizuia isisomwe. Nakala zinazokamatwa na miR156 ni za kundi la jeni linaloitwa SPL. Kazi ya SPL ni kuuambia mmea ukue: badilisha majani, jiandae kutoa maua. Kwa hiyo miR156 yenyewe haitengenezi chochote. Inamshika mkono yule anayesema "kua" na kumwambia, "ngoja".

Jeni za aina hii ziligunduliwa kwanza kwa mnyama. Mwaka 1993 maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun, Marekani, zilieleza jeni ya mnyoo mdogo wa milimita moja. Jeni hiyo, lin-4, ilitoa RNA fupi mno, na ikiharibika mnyoo unarudiarudia hatua za utotoni badala ya kusonga mbele. Kwa miaka kadhaa watu walidhani hayo ni maajabu ya minyoo tu. Ambros na Ruvkun walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2024, zaidi ya miaka 30 baadaye. Nao walingoja.

Kwa mimea, ilikuwa 2002, katika kazi iliyowahusisha David Bartel na Bonnie Bartel. Mbona nambari ikaanzia 156? Kwa sababu nambari za nyuma zilikuwa zimeshachukuliwa na wanyama kwenye orodha moja ya pamoja. Ni sadfa tamu kwamba ile ya kwanza ya mnyoo na ile iliyopewa nambari ya kwanza ya mimea zote mbili zinahusika na umri. Lakini si ndugu. RNA ndogo hizi za wanyama na zile za mimea hazitoki kwa babu mmoja. Kila upande ulibuni za kwake.

*

Ulibuni vipi? Hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 2004 timu ya James Carrington, huko Oregon, ilichunguza RNA ndogo mbili za Arabidopsis, miR161 na miR163. Hizi ni changa kwa umri wa jeni. Walipolinganisha jeni zinazozitoa na jeni zinazonyamazishwa nazo, walikuta zinafanana kupita kiasi. Kufanana kulienea mbali nje ya zile herufi ishirini na kitu zinazofanya kazi. Ni kama kukutana na askari na mshukiwa, ukaona wana pua moja, masikio mamoja, na mwendo mmoja. Ni mtu na mzazi wake.

Maelezo waliyotoa ni haya. Wakati seli inanakili DNA yake, wakati mwingine inakosea, na kipande cha jeni kinanakiliwa mara mbili. Mara nyingine nakala ya pili inapachikwa karibu na ya kwanza, lakini kinyumenyume. Sasa ukiandika neno, halafu ukaandika taswira yake ya kioo mbele yake, nusu ya pili inaoana na nusu ya kwanza. RNA ikisomwa kutoka hapo, haiwezi kukaa imenyooka. Inajikunja katikati kama pini ya nywele, na mikono yake miwili inashikana.

RNA iliyoshikana hivyo ni hatari ndani ya seli, kwa sababu virusi vingi vya mimea ni vya RNA, na vinapojizalisha vinapitia hali hiyo hiyo ya nyuzi mbili. Kwa hiyo seli ilikuwa na mkasi tayari. Unaitwa Daisa, na ukoo wake ni mkongwe kuliko mgawanyiko wa mimea na wanyama. Ukikuta nyuzi mbili, unakatakata. Vipande vinavyobaki vinatumika kumtafuta adui na kumkata popote alipo.

Ile pini ya nywele iliyozaliwa kwa makosa iliangukia kwenye mkasi huo. Vipande vilivyotoka havikuwa na sura ya kirusi. Vilikuwa na sura ya jeni mama. Basi vikaenda kumtafuta mama, vikamnyamazisha. Mtoto aliyezaliwa kichwa chini akawa msimamizi wa mzazi wake.

Kama usimamizi huo una faida, uteuzi wa asili unaushikilia. Herufi zisizo na kazi zinabadilika kizazi hadi kizazi mpaka sura ya mama inapotea, ila pini inaendelea kujikunja na zile herufi ishirini zinabaki kama zilivyo. Ni kama kaburi la zamani ambalo mvua imefuta kila kitu isipokuwa jina. Njia ya kinyumenyume si njia pekee. Kuna jeni nyingine ndogo zilizotokana na vipande vya DNA vinavyorukaruka, vile ambavyo Barbara McClintock alivigundua kwenye mahindi na kupewa Nobeli mwaka 1983. Baadhi ya vipande hivyo vina ncha zinazotazamana, kwa hiyo navyo hujikunja.

Na kama usimamizi hauna faida, jeni inakufa. Nyingi hufa. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha Arabidopsis na ndugu yake wa karibu, na wakakuta jeni nyingi changa za aina hii ziko kwa mmoja na hazipo kwa mwingine. Zinazaliwa, zinajaribu bahati, zinapotea.

Tungeweza kushuku mambo haya mapema, kwa sababu ya ua. Mwaka 1990 timu ya Carolyn Napoli na Richard Jorgensen, California, ilitaka petunia ya zambarau iliyokolea zaidi, ikaongeza nakala ya jeni ya rangi. Maua mengine yakatoka meupe kabisa, mengine yenye mabaka. Nakala iliyoongezwa ilikuwa imenyamazisha na ile ya asili. Ilichukua miaka kuelewa kwa nini. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili ndiyo inayonyamazisha, kazi iliyowapa Nobeli 2006, na 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe wakazikuta zile RNA fupi ndani ya mimea yenyewe.

Usidhani ule mkasi wa zamani ulistaafu. Mkulima yeyote wa mahindi nchini anakumbuka ugonjwa uliozuka Bomet mwaka 2011, mahindi yakikauka kuanzia juu kabla ya kubeba. Ule ni ugonjwa wa virusi viwili vinavyoshirikiana, na kimojawapo ni cha kundi ambalo hubeba protini ya kuuzuia mfumo huu wa mkasi. Shamba lote likiwa la njano, sehemu ya vita iliyopiganwa humo ni vita vya RNA ndogo.

*

Sasa turudi kwa miR156, maana yenyewe si changa hata kidogo.

Ukiingia msitu wa Irangi, Embu, kwenye mteremko wa mlima, utakuta magogo yamefunikwa na kuvumwani, ule ukijani laini unaoshika maji kama sponji. Kuvumwani haina maua, haina mbegu, haina mizizi ya kweli. Ukoo wake na ukoo wa mkaratusi viliachana zamani sana, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, mimea ilipokuwa ndiyo inatoka majini kuja nchi kavu. Mlima Kenya wenyewe ulianza kulipuka miaka milioni tatu na kidogo iliyopita. Linganisha.

Mwaka 2005 Michael Axtell na David Bartel walionyesha kwamba RNA ndogo kadhaa, miR156 ikiwa mojawapo, ziko kwa kuvumwani na kwa mimea ya maua pia. Herufi karibu zile zile, na zinawinda jeni za ukoo ule ule wa SPL. Maana yake ni kwamba babu yao wa pamoja alikuwa nayo tayari. Mwani wa kijani wa majini una jeni za ukoo wa SPL, lakini ile iliyochunguzwa kwa miaka mingi maabarani, Chlamydomonas, haina miR156. Ina RNA ndogo zake nyingine. Kwa hiyo mtiririko unaonekana hivi: aliyesema "kua" alitangulia. Aliyesema "ngoja" alizaliwa baadaye, karibu na safari ya kutoka majini. Kwa umri wa aina hiyo sura ya mama ilishafutika, lakini lile jina, zile herufi 20, limebaki likisomeka katika Irangi na katika shamba la Guka.

Halafu kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka 2012 maabara ya Axtell ilichunguza miR156 inafanya nini ndani ya kuvumwani. Kuvumwani huanza maisha kama nyuzi za kijani zinazotambaa, kisha hutoa machipukizi yenye vijani. Ungetarajia miR156 iseme "ngoja, baki nyuzi". Ilikuwa kinyume. Kule miR156 inausukuma mmea uvuke hatua, utoe majani. Jeni ile ile, herufi zile zile, na kunyamazisha kule kule, ila matokeo yake ni "nenda".

Kwa hiyo "ngoja" haikuwa maana yake tangu mwanzo. Ilichofanya jeni hii siku zote ni kumnyamazisha mtu mmoja mahususi. Kama huyo mtu alikuwa anazuia, kumnyamazisha ni kufungua njia. Kama alikuwa anasukuma, kumnyamazisha ni kusimamisha. Maana ya amri inategemea nyumba inamotolewa.

*

Na je, "ngoja" isipoisha?

Kuna mahindi yanayojulikana tangu miaka mingi kama Corngrass, yaani mahindi-nyasi. Hayakui kama mahindi. Yanatoa vichipukizi vingi chini, majani membamba, mwonekano wa nyasi za kando ya barabara. Mwaka 2007 George Chuck, Sarah Hake na wenzao huko California walieleza sababu. Kipande cha DNA kinachorukaruka kilikuwa kimejipachika karibu na jeni ya miR156, na sasa jeni hiyo inatoa RNA kupita kiasi. Mahindi hayo yameambiwa "ngoja" kwa sauti kubwa mno mpaka yamesahau kuwa mahindi. Hayo ni mahindi ambayo hakuna mama wa Siakago au wa Nkubu angeyaacha shambani wiki mbili. Yapo kwa sababu watafiti wanayatunza.

Upande wa pili nao upo. Ukiizima miR156 ndani ya Arabidopsis, mmea unatoa maua haraka, ukiwa na majani machache tu. Umekuwa mtu mzima kabla ya kupata nguvu. Kwa hiyo kungoja si upuuzi. Jani la mtoto lina kazi ya kujenga.

Sasa, nini kinachoimaliza "ngoja"? Nilitarajia jibu liwe saa fulani ya ndani, inayohesabu siku. Sehemu kubwa ya jibu ikawa sukari. Mwaka 2013 kazi mbili zilichapishwa pamoja zikionyesha kwamba sukari inayotengenezwa na majani ndiyo inayoishusha miR156. Mmea ukila vizuri, ukijikusanyia chakula, ile sauti ya "ngoja" inafifia yenyewe. Ukiung'oa majani yake machanga, ukaunyima chakula, miR156 inabaki juu na utoto unarefuka. Mmea wenye njaa hubaki mtoto kwa muda mrefu zaidi, hata kama siku zimepita.

Nilipofika hapo niliweka simu chini.

*

Huku kwetu, watu waliwahi kuwa na utaratibu wao wa kungoja. Wameru walikuwa na marika, na juu ya marika walikuwa na pande mbili, Kiruka na Ntiba, zilizopokezana mamlaka kwa sherehe ya ntuiko. Mbeere kulikuwa na Thathi na Nyangi. Sisemi ulikuwa utaratibu wa haki kwa kila mtu, maana wanawake walikuwa na wao, na uzito haukuwa sawa. Lakini ulikuwa na kitu kimoja: kungoja kulikuwa na mwisho unaojulikana. Rika lililokaa mbele yako lilijua kwamba litatoka. Kisha Waingereza wakafungua boma la Embu mwaka 1906 na la Meru 1908, wakateua machifu wao, na mamlaka yakaanza kutoka kwa mtu mwenye barua ya serikali badala ya rika lililokomaa.

Tangu Juni 2024 neno "ngoja" limekuwa na ladha chungu kwa kizazi chetu. Ngoja ajira. Ngoja mkopo. Ngoja uwe na uzoefu, na uzoefu utaupata wapi, wajua wewe. Tunaambiwa kana kwamba ni sheria ya maumbile: kijana ni wa kungoja, kila kitu kina wakati wake, tazama hata miti.

Haya, tumeitazama miti. Mmea si katiba, na jeni haina maadili ya kumfundisha mtu. Lakini kama ushahidi wa miti unaletwa mezani, tuusome wote, tusisome mstari mmoja. Mti haungoji tarehe. Unangoja chakula cha kutosha. Anayeutaka ukomae haupigi kelele wala hauhubirii subira, anauacha na majani yake. Na anayeung'oa majani kila msimu, kisha akaulaumu kwa kubaki mdogo, huyo hasomi jeni. Anasoma faida yake, kama mkulima wa majani ya harusi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la mageuzi yenyewe. Katika miaka milioni 400 na zaidi, miR156 lazima imeharibika mara zisizohesabika. Mahali fulani, mara nyingi, kulizaliwa mmea wenye "ngoja" iliyokataa kuisha, kama yale mahindi-nyasi. Hatuukuti msituni. Haukuondolewa kwa hasira ya mtu. Ulingoja, ukangoja, majirani zake wakatoa maua, wakadondosha mbegu, na msimu uliofuata ardhi ikawa ya watoto wao. Kila "ngoja" tunayoikuta leo ndani ya mmea ulio hai, kutoka kuvumwani ya Irangi hadi nguzo ya stima iliyo nje ya dirisha lako, imetoka kwa mzazi ambaye siku moja aliacha kungoja.

Ile miti midogo ya Guka ina majani marefu sasa. Alinipigia wiki iliyopita kuniuliza kama bado nataka kurudi chuo. Nikamwambia, "Guka, wacha kwanza tuhesabu."